Rushwa ya Kizuizini Hulipwa na Mkulima



Tumeombwa tuzungumze nanyi juu ya rushwa, sheria na biashara. Wengi wetu tumezoea kudhani kwamba mambo hayo yawahusu wenye viwanda na maduka makubwa ya mjini. Sisi twapenda kuyatazama kutoka mahali tunapopafahamu sote: njia ya gunia la mahindi, toka shambani hadi sokoni.

Kwanza tuseme wazi kwamba sheria si adui wa biashara. Ni haki mizani ikaguliwe, na ni haki ushuru wa mazao ulipwe ili halmashauri ipate fedha za zahanati na barabara. Yohana Mbatizaji hakuwaambia watoza ushuru waiache kazi yao. Aliwaonya wasitoze kupita kiwango kilichowekwa. Ushuru unaojulikana mfanyabiashara huweza kuuhesabu: huuingiza katika gharama zake, hupewa stakabadhi, akaendelea na safari. Rushwa haina kiwango wala stakabadhi, na aliyeitoa leo hana hakika kwamba kesho hataombwa tena.

Tuchukue mfano. Mfanyabiashara amenunua magunia 60. Njiani mna vizuizi 3, na katika kila kimoja aambiwa kwamba karatasi zake zina kasoro, ingawa kasoro yenyewe haitajwi. Akibisha, gari litalala hapo, na mvua ikinyesha mahindi yataharibika. Basi atoa shilingi 30,000 kila kizuizi. Jumla ni shilingi 90,000, yaani 1,500 kwa kila gunia. Je, hasara hiyo ni yake? La. Safari ijayo, kwa kuwa hajui ataombwa kiasi gani, atapunguza shilingi 2,500 katika bei ya kila gunia anayompa mkulima. Mama aliyelipalilia shamba hilo hajakiona kizuizi, wala hamjui aliyepokea fedha; lakini ndiye aliyelipa.

Upo na upande wa pili. Mwenye mzigo mkubwa hutoa kidogo mkononi ili akwepe ushuru halali. Halmashauri yakosa mapato, na mwenzake mwaminifu aliyelipa yote ashindwa kuuza kwa bei yake. Mwishowe anayestawi ni mwenye kujuana na watu, na mchapakazi afunga biashara.

Tume iliyoundwa na Rais Mkapa mwaka 1996 chini ya Jaji Joseph Warioba iliwatofautisha wala rushwa wa aina mbili: wanaopokea kwa sababu kipato hakiwatoshi, na wakubwa wanaopokea kwa tamaa. Yatupasa kuisemea mishahara duni. Hata hivyo, kwa mkulima maumivu ni yale yale.

Rushwa huota mizizi pale watu wasipoijua sheria. Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, ikauondoa kabisa kwa mzigo usiozidi tani 1 unaosafirishwa toka halmashauri moja hadi nyingine. Tani 1 ni magunia 10 ya kilo 100. Aliyetozwa ushuru wa magunia 8 kwa kuwa hakuwa na habari ya badiliko hilo, alinyang'anywa.

Basi twawaombeni mambo matatu. Kila jumuiya ivifuate viwango vya ushuru katika ofisi ya halmashauri na kuvisoma mbele ya wote. Asiwepo atakayelipa bila stakabadhi. Na anayeombwa rushwa asiachwe peke yake: viongozi wafuatane naye hadi TAKUKURU, wakikumbuka kwamba Sheria Na. 11 ya mwaka 2007 humtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji.

Miongoni mwetu wamo wanaosimama kwenye vizuizi, na wamo waliokwisha kuficha noti kati ya karatasi za gari. Hatuwasemi kama watu wa mbali; twakaa nao benchi moja. Twawasihi, kabla mkono haujanyooshwa kutoa au kupokea, wamkumbuke yule mama mwenye jembe.