Nyumba ya Kodi Nafuu: Tuombe kwa Karatasi

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Baba zetu walipoandikwa na reli walipewa landi pamoja na kazi. Chumba kilikuwa kidogo, lakini mtu hakulala akiwaza kodi. Siku hizo zimepita. Leo sisi wa miji midogo ya stesheni twapanga kwa wenye nyumba, na kodi yameza mshahara kabla unga haujanunuliwa.

Kwanza, tujue kwamba hatuombi sadaka. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, yasema kila mtu ana haki ya makao yafaayo. Sheria ya Kazi ya 2007 yamtaka mwajiri atupe nyumba au fedha za kutosha kupanga, isipokuwa fedha hizo zimekwisha kutiwa katika mshahara. Basi kila mmoja aisome karatasi yake ya mshahara. Tena, kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, twakatwa asilimia 1.5, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Mwenye Sh18,000 hukatwa Sh270 kwa mwezi. Pamoja na za mwajiri ni Sh6,480 kwa mwaka. Mtu anayelipa hivyo asione haya kuuliza.

Pili, iko milango miwili, tusiichanganye. Mmoja ni nyumba za kupanga za kaunti. Tangu 2013 kaunti zilirithi nyumba za mabaraza ya miji, kama zile za Nakuru na Mombasa, na kodi yake kwa kawaida ni chini ya ile ya mtaani. Mji mdogo huenda una chache tu, au hauna. Ulizeni ofisi ya nyumba ya kaunti na msimamizi wa wadi. Mlango mwingine ni Boma Yangu. Huko mtu hulipa kila mwezi mpaka nyumba iwe yake, na sheria imetenga nyumba za jamii kwa wenye mapato chini ya Sh20,000 kwa mwezi. Kujiandikisha kwataka kitambulisho na namba ya PIN ya KRA.

Tatu, namna ya kuomba. Mwenzetu mmoja alimpa dalali Sh10,000 amtafutie nyumba. Alipofika na kitanda na watoto, akakuta watu wanakaa humo. Dalali hakuonekana tena, na risiti hakuwa nayo. Usiku ule tuligawana watoto wake katika nyumba zetu.

Yasitupate tena. Andika barua nakala mbili: jina, kazi, mapato, idadi ya jamaa nyumbani. Tia nakala ya kitambulisho na ya karatasi ya mshahara. Nakala moja ipigwe muhuri na tarehe, urudi nayo nyumbani. Uliza umeandikwa wa ngapi katika orodha. Rudi ukaulize tena baada ya miezi michache. Wala usilipe mkononi mwa mtu. Lipa kwa njia ya ofisi, na risiti uiweke.

Ndugu zangu, barua moja yaweza kupotea mezani, lakini barua 30 zilizoletwa na tawi katika bahasha moja si rahisi kupotea. Basi mkutano ujao kila asiye na nyumba aje na barua yake. Karani ataziandika katika daftari, na tutazipeleka pamoja.

Umoja ni nguvu.