Heshima Kazini Ndiyo Huipa Kazi Maana



Kijana aliyepangiwa kazi hapa Runazi, mbali na kwao, huletwa na barua ya ajira. Lakini barua haimfanyi aipende kazi. Jambo hilo huamuliwa na wale atakaowakuta: je, watampokea kama ndugu, au watamwacha ahangaike peke yake?

Historia ya nchi yetu imekwisha kutupa funzo. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, ilipokutana Musoma, iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977. Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu, wakawa wanafundisha huku wakijifunza ualimu kwa njia ya posta na redio, wakisaidiwa na waratibu wa elimu wa kata. Mwalimu mzoefu wa shuleni ndiye aliyekuwa chuo chao cha karibu.

Hapo ndipo njia zilipogawanyika. Wako waliozigeuza herufi za UPE zikasomeka "Ualimu Pasipo Elimu". Kijana aliyekejeliwa hivyo mbele ya wanafunzi alibaki na chaki mkononi bila moyo wa kufundisha. Mwenzake aliyeketi na mwalimu mzoefu, wakaandaa somo pamoja na kusahihishana faraghani, alijiona yumo katika kazi kubwa ya Taifa. Wote wawili walikuwa na kazi ile ile. Waliotofautiana ni watu waliowazunguka.

Wala jambo hili si hisani. Mwongozo wa TANU wa 1971 uliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu, na wafanyakazi viwandani waliushika kama ngao yao. Hata hivyo, dharau haikai kwa wakubwa peke yao: karani humdharau mhudumu, na mwalimu wa shahada humdharau mwenzake wa cheti.

Ndugu zangu, hatuna uwezo wa kujiongezea mishahara wala kuusogeza mji karibu na Runazi. Lakini kumwelekeza mgeni, kumsahihisha bila kumvunjia heshima, na kumshukuru mhudumu kwa kumtaja jina, hayo hayangoji kibali cha wilaya. Yupo kijana anayeomba uhamisho kila mwaka. Kabla ya kumlaumu, tujiulize: siku ile alipofika, sisi tulimpokeaje?