Mipwito ya Nyota Badilifu na Setilaiti Ziipimazo: Mada kwa Walimu wa Sayansi wa Meru na Embu

Sisi tukaao baina ya Embu na Meru tumejaaliwa mbingu karibu yote, kwa kuwa mstari wa Ikweta hupita kusini kidogo tu ya mji wa Meru, na nyota za kaskazini na za kusini hutuzukia kwa zamu mwaka mzima. Lakini neema hiyo imefungamana na mawingu ya mlima, mvua za masika na za vuli, na ukungu wa Julai na Agosti uwezao kutanda juu ya majani ya chai siku baada ya siku. Nitasema juu ya nyota zipwitazo, na dai langu ni kwamba katika sehemu hii ya ilmu ya falaki setilaiti imetufaa kwa kukesha kwake zaidi kuliko kwa ukali wa macho yake.

Nyota ya namna hii hutanuka na kunywea, na mng'ao wake hupanda na kushuka kwa kadiri hiyo. Ndani yake, si mbali sana na uso, mna tabaka ya heliamu ambayo ikishindiliwa hupokonywa elektroni zake na kuwa ngumu kupenyeka kwa nuru, ikaziba joto litokalo chini kama mfuniko wa sufuria ya maharagwe. Joto likizidi husukuma tabaka za juu nje, nazo zikitanuka hupoa, heliamu hurudishiwa elektroni zake, nuru hupata njia, na uzito wa nyota huziangusha tabaka zile mahali pake, kisha mambo huanza upya.

Natuitazame nyota iitwayo RR Lyrae, ambayo kwa darubini ndogo ya macho mawili yaonekana kutoka Embu, na ambayo hukamilisha mpwito mmoja kwa saa 13 na dakika 36 hivi. Mtu akiipima kila usiku kwa saa ile ile, kila siku ataikuta imeruka mzunguko mmoja na zaidi ya robo tatu za wa pili, na akiunganisha vipimo vyake bila hadhari atahukumu kuwa nyota hiyo hupwita mara moja kwa siku nne na robo. Tena ataiona kinyume, kwa maana RR Lyrae hupanda upesi na kushuka polepole, naye ataiona ikipanda polepole na kushuka upesi. Hapo hesabu yake ni sahihi na macho yake ni mazima, ila mchana umemdhulumu. Isitoshe, usiku wetu wa Ikweta ni wa saa 12 daima, basi vilele viwili vifuatanavyo vya nyota hiyo haviwezi kuonekana katika usiku mmoja, hata anga liwe safi namna gani.

Darubini ya Kepler, iliyorushwa na Wamarekani tarehe 7 Machi 2009, haikuwa na mchana wala masika. Ilikodolea macho sehemu moja ya mbingu kwa miaka minne, ikipima nyota zaidi ya 150,000 kila nusu saa, na RR Lyrae ilikuwa miongoni mwao. Mwaka 2010 wataalamu walitangaza kuwa katika baadhi ya nyota za jamii hiyo, na yenyewe ikiwamo, kuna nyakati ambapo kilele kimoja huwa kirefu na kinachofuata huwa kifupi, kwa kupokezana. Jambo hilo lilikuwa likitendeka juu ya vichwa vya watu waliokuwa wameichunguza nyota hiyo kwa zaidi ya karne.

Wala habari hizi za setilaiti si ngeni kwetu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wetu, Waitalia na Wamarekani walirusha setilaiti ya eksirei kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, wakaiita Uhuru; nayo ikagundua kuwa nyota iitwayo Centaurus X-3 hupiga kila baada ya sekunde 4.8. Mpigo huo ni wa nyota izungukayo, si wa nyota itanukayo, na tusichanganye mambo haya mawili darasani.

Leo darubini ya TESS, iliyo angani tangu Aprili 2018, hutazama kila eneo la mbingu kwa siku 27 hivi, na vipimo vyake hutolewa bure kwa yeyote mwenye intaneti, basi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu ana haki navyo sawa na mwenziwe wa ng'ambo. Hata hivyo ningependa aanze na Eta Aquilae, iliyo karibu na Altair, ionekanayo kwa macho matupu, na ambayo hupwita kwa siku saba na saa nne. Ailinganishe na jirani zake kila usiku ulio wazi kuanzia Septemba, baada ya ukungu kupungua na kabla vuli haijashika, achore mchoro wake kwa penseli, kisha ndipo afungue vipimo vya TESS.