Tiba inayomponya mtoto bila kumwachia kilema

Leo tunazungumzia saratani ya watoto.

Mwaka 1958 Dkt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji mjini Kampala, alieleza uvimbe wa saratani ya taya unaowashika watoto. Kisu kiliharibu sura, na mtoto hakupona. Mwaka 1961, kwa ruzuku ndogo, alisafiri kwa gari kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, akabaini kwamba uvimbe huo huonekana zaidi nyanda za chini zenye joto na mvua, na ni nadra milimani. Baadaye ikadhihirika kwamba dawa huuyeyusha, kisu kikawekwa kando.

Hiyo ndiyo faida ya utafiti. Leo wataalamu wanatafuta dozi zinazoponya bila kumwachia mtoto moyo dhaifu au utasa ukubwani. Kazi hiyo inahitaji fedha za serikali, za wafadhili na michango yetu.

Mzazi, ukiona uvimbe unaokua, mboni nyeupe au homa isiyoisha, mwahishe mtoto hospitali. Katika Hospitali ya Muhimbili kuna wodi ya watoto wenye saratani. Ugonjwa ukigundulika mapema, mara nyingi tiba huwa nyepesi, na watoto wengi hupona.