Shaka la Wananchi ni Swali la Haki
Mazungumzo na waamini na viongozi wa walei wa pwani ya Kilwa na Lindi





Mada yetu ni vyombo vya kisasa na maisha ya watu wetu, hususan nishati, safari na picha. Tutaanza na maneno yanayosemwa kila siku barazani, sokoni na ufukweni samaki wanaposhushwa. Watu husema: "Gesi yetu, mwanga wao." Husema: "Barabara imeleta mabasi, imechukua vijana." Husema: "Mgeni huyu anatupiga picha, anazipeleka wapi?"

Viongozi wengi huyasikia maneno haya wakayaita ujinga, uvivu au siasa. Sisi tunaona kwamba ndani ya mashaka ya namna hii mara nyingi mna swali la haki ambalo halijajibiwa. Kiongozi mlei hapaswi kulizima shaka hilo wala kulichochea. Wajibu wake ni kulisaidia liwe swali lililo wazi, na kuhakikisha linaulizwa mahali panapostahili.

1. Nchi hii imekwisha kuahidiwa mengi

Tangu mwaka 1902 utawala wa Kijerumani uliwalazimisha watu wa maeneo haya kulima pamba katika mashamba ya pamoja. Pamba hiyo iliitwa maendeleo. Mkulima aliipalilia huku shamba lake la chakula likiota majani, na malipo yalikuwa madogo mno. Mwezi Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete, katika vilima vya Kilwa, waliing'oa pamba hiyo, na Vita vya Maji Maji vikaanza.

Tuyatazame mambo mawili katika historia hii. Shaka la wazee wetu juu ya pamba ya lazima lilikuwa la haki, kwa kuwa walijua nani anatoa jasho na nani anapokea faida. Lakini dawa waliyopewa, yale maji yaliyosemekana kuziyeyusha risasi, haikupimwa kwa shaka lile lile. Maelfu walikufa mbele ya bunduki, na wengi zaidi wakafa kwa njaa baada ya mashamba na maghala kuteketezwa. Anayejifunza kumuuliza mgeni ajifunze pia kumuuliza wa kwetu anayetuletea tiba ya haraka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Waingereza walileta mradi mkubwa wa karanga. Kuanzia mwaka 1947 matrekta yalifyeka misitu Kongwa, Urambo na hapa kwetu Nachingwea. Ilijengwa bandari ya Mtwara, na reli ikajengwa kuelekea bara. Udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza iliufuta mradi huo, paundi zipatazo milioni 36 zikiwa zimepotea. Reli nayo iling'olewa katika miaka ya 1960. Basi mzee wa Nachingwea akiguna anaposikia neno "mradi", tusidhani kwamba haelewi. Anakumbuka.

2. Nishati: mbono na gesi

Katika miaka iliyofuata 2005, nchi za Ulaya zilitafuta mafuta yatokanayo na mimea. Kampuni ya Kiholanzi BioShape ilikuja Kilwa kulima mbono, mti ambao wazee wetu waliupanda kuwa ua wa nyumba na alama ya kaburi. Ilipatiwa hekta zipatazo 34,000 katika ardhi ya vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti. Wanakijiji waliahidiwa ajira na huduma. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilifilisika. Ajira zikaisha, lakini ardhi haikurudi.

Ni vizuri viongozi walei waelewe kwa nini haikurudi. Chini ya utaratibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ili ardhi ya kijiji apewe mwekezaji wa kigeni, sharti kwanza ihamishwe iwe ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji. Ikishahamishwa, mwekezaji akishindwa haijirudii yenyewe. Wengi walioinua mikono katika mikutano ya vijiji walidhani wanakodisha. Laiti mtu mmoja angesimama na kuuliza, "Mkishindwa, ardhi itakuwa ya nani?", swali hilo moja lingekuwa na thamani kuliko ahadi zote zilizotolewa siku ile.

Wilaya hiyo hiyo inao mfano mwingine. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi ilipata cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu. Wanakijiji walihesabu miti yao ya mpingo, wakapanga ipi ikatwe na ipi iachwe, wakauza kwa utaratibu, na mapato yakaingia katika mfuko wa kijiji. Huko nako kulikuwa na wataalamu, vipimo na soko la nje. Tofauti ni kwamba kijiji kilibaki kuwa mwenye mali.

Sasa tuiangalie gesi. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, na mwaka 2004 ilianza kusafirishwa kwa bomba hadi Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Gesi hiyo imelisaidia taifa lote, hasa katika miaka ya ukame, mabwawa ya umeme yalipopungua maji. Ni haki tulikiri jambo hili. Hata hivyo vijiji vingi vilivyo jirani na bomba viliendelea kwa miaka mingi kutumia kibatari na mkaa. Anayeona utajiri unapita chini ya shamba lake, naye yuko gizani, ana haki ya kuuliza.

Swali hilo lisipojibiwa huweza kugeuka moto. Mwezi Mei 2013, ndugu zetu wa Mtwara walipopinga bomba jipya la kwenda Dar es Salaam, ghasia zilizuka. Watu walipoteza maisha, nyumba na ofisi zilichomwa, askari wakajaa mitaani. Bomba lilijengwa vilevile, na likazinduliwa Oktoba 2015. Waliokuwa na mamlaka walichelewa kueleza na kusikiliza. Waliokuwa na hasira walichoma hata mali za majirani zao. Pande zote mbili zilimwacha mwananchi mnyonge akiwa mnyonge zaidi.

Tukumbuke pia wakazi wa Likong'o, katika Manispaa ya Lindi, ambao ardhi yao ilitengwa kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi. Walisubiri fidia kwa miaka, hadi ilipoanza kulipwa mwaka 2020. Katika kungoja kwa namna hiyo mtu hajui apande mnazi au asipande, aezeke nyumba au aiache ivuje. Kumngojesha mtu bila kumwambia lolote ni dhuluma, hata kama mwishoni analipwa.

3. Safari

Kabla ya mwaka 2003 msafiri wa kwenda Dar es Salaam alivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Masika yalipokolea, kusini kulikuwa kama kisiwa. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, liliondoa adha hiyo. Anayesema kwamba barabara imetuchukulia vijana tu, amkumbuke mgonjwa aliyekuwa akilala kandokando ya mto akingoja pantoni.

Hata hivyo shaka lake lisidharauliwe. Barabara humfikisha mchuuzi wa samaki sokoni, lakini humfikisha pia mlanguzi shambani kabla mkulima hajajua bei. Pikipiki humpa kijana riziki, lakini kijana aliyeichukua kwa mkataba hukimbizana na hesabu ya jioni hata barabara ikiwa imeloa, na akivunjika mguu, mwenye pikipiki hutafuta dereva mwingine. Na mwezi Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara katika sehemu kadhaa za Kilwa, mabasi na malori yalikwama kwa siku kadhaa. Tulikumbushwa kwamba bahari bado ipo, na kwamba ufundi wa jahazi si jambo la makumbusho tu.

4. Picha

Kati ya mwaka 1909 na 1913, wataalamu wa Kijerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Watu wetu waliichimba, wakaibeba kichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Leo mmoja wa mijusi hao amesimama katika makumbusho ya Berlin, kimo chake kikizidi meta 13. Mtoto wa Lindi humjua kwa picha.

Basi mama wa Kilwa Kisiwani anapojifunika uso mbele ya kamera ya mtalii, asichekwe. Anauliza jambo ambalo historia yake imemfundisha kuuliza: kitu kinakwenda wapi, na mimi ninabaki na nini? Picha ya mtoto aliyevaa matambara huweza kuchangisha fedha mbali, na mtoto huyo asijue kamwe kwamba uso wake umekuwa ombi. Mtu maskini ana heshima yake, na ruhusa yake iombwe kama ambavyo ingeombwa ya tajiri.

Lakini tusimtazame mgeni peke yake. Siku hizi kamera imo mfukoni mwa kila kijana wetu. Ajali ikitokea, wapo wanaotoa simu kabla ya kutoa mkono. Maiti anapigwa picha na kusambazwa kabla ndugu zake hawajapata habari. Binti anaaibishwa kwa picha aliyomwamini mtu kuitunza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa mambo haya, lakini dhamiri ilipaswa kutangulia sheria.

5. Namna ya kupima

Imani yetu haiogopi maswali. Bwana hakumfukuza Tomaso. Alimwonyesha majeraha yake. Katika Injili ya Luka, anayetaka kujenga mnara huketi kwanza akapiga gharama. Baba Mtakatifu Paulo VI alifundisha mwaka 1967 kwamba maendeleo ya kweli humhusu mtu mzima na watu wote. Baba Mtakatifu Fransisko, mwaka 2015, alitaka kila mradi uulizwe sababu yake, faida yake na nani atakayelipa gharama yake.

Kwa hiyo tunapendekeza maswali matatu mbele ya kila jambo jipya: Nani atafaidika? Nani atabeba hasara likishindikana? Nani ameulizwa kabla ya uamuzi?

Maswali hayo tujiulize na sisi wenyewe. Baruti ya kuvulia samaki nayo ilikuja kama ufundi mpya. Haikuletwa na mwekezaji mwenye mkataba. Ilipokewa na baadhi ya ndugu zetu usiku, bila mkutano wala shaka lolote, ikavunja matumbawe ambayo ndiyo nyumba ya samaki. Vilevile yupo anayekataa chanjo kwa uvumi aliotumiwa kwenye simu. Haamini daktari, ila anaamini ujumbe usio na mwandishi. Shaka la haki hutaka jibu, na likilipata hutulia. Shaka lisilotaka jibu ni kiburi kilichovaa nguo ya hekima.

Tunawasihi basi mhudhurie mkutano mkuu wa kijiji. Ombeni mikataba isomwe kwa Kiswahili, polepole, kabla ya mikono kuinuliwa. Ulizeni ushuru wa huduma unaolipwa na kampuni za gesi umefanya nini. Andikeni majibu katika muhtasari, na kila kijiji kitunze nakala yake. Fanyeni hivyo pamoja na ndugu zetu Waislamu, kwa sababu ardhi, bahari na njaa havina dini.

Maswali ya kutafakari katika Jumuiya Ndogondogo

1. Ni shaka gani linalosemwa mara nyingi mtaani kwetu? Ndani yake mna swali gani la haki?
2. Katika kijiji chetu, nani anatunza nakala za mikataba na mihtasari ya mikutano?
3. Ni jambo gani jipya tulilolipokea bila kuuliza, nalo likatudhuru?
4. Tutakubaliana nini juu ya kupiga na kusambaza picha za wagonjwa, marehemu na watoto?

Mwenyezi Mungu awajalie macho ya kuona, ujasiri wa kuuliza na subira ya kusikiliza jibu. Amina.