Grisi Iliyookoa Meli
Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Katonga



Juni 1915 Waingereza walizijaribu boti zao za vita, Mimi na Toutou, katika mto Thames, London. Kisha wakazileta ziwani kwetu kupigana na Wajerumani. Silaha zilijaribiwa kwao, vita ikapiganwa kwetu.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao, Graf von Götzen, lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake grisi nyingi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma.

Ndugu zangu, kila boti na pampu tunayopewa tuitengee fungu la matengenezo tangu siku ya kwanza.