Mwandishi na Haki ya Kuchelewa
Mhadhara wa umma uliotolewa Moshi



Nimeombwa nieleze kwa nini nilifunga kurasa zangu zote za mitandao ya kijamii wakati ambapo ndiyo kwanza zilikuwa zimeanza kunitambulisha kwa wasomaji. Ombi hilo ni la haki. Mwandishi wa Kiswahili mwenye wafuasi mtandaoni ana kitu ambacho waliomtangulia hawakuwa nacho: humfikia msomaji wa Kigoma, wa Mombasa na wa Maskati kabla chai yake haijapoa. Anayekiacha kitu kama hicho anadaiwa maelezo.

Lakini kabla sijaingia huko, kuna jambo sitaki lichanganywe na ninayokuja kuyasema. Mwaka 2018 kanuni za maudhui ya mtandaoni ziliwataka wenye blogu nchini wasajiliwe na kulipia leseni. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa. Tarehe 29 Oktoba mwaka huohuo, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ikakatwa nchi nzima. Wakati huo mimi nilikuwa nimekwisha kuondoka mitandaoni kwa hiari yangu, na bado niliumia, kwa kuwa nina ndugu Dar es Salaam na nilitaka kujua kama wako salama. Ukimya ninaouchagua na ukimya ninaofungiwa havina undugu. Asitokee mtu akaubeba mhadhara huu kuwa hoja ya kuwanyamazisha watu. Natetea haki ya kusema, na ndani yake natetea haki ya kuchelewa kusema, maana asiyeruhusiwa kunyamaza hata siku moja naye hayuko huru.

Mitandao hii inaishi kwa matangazo. Kinachouzwa kwa mtangazaji ni muda ambao macho yetu yako kwenye kioo cha simu, kwa hiyo programu humpandisha juu yule anayewafanya watu wasimame, walaiki, wagombane kwenye komenti. Mwandishi akikaa humo miaka michache, mkono wake unajifunza. Sentensi ya kwanza inageuka mtego. Aya inakatika wazo likiwa katikati, kwa sababu kidole cha msomaji kinakaribia kupita. Mhusika mwenye mashaka anaondolewa, anabaki mwenye hasira, maana hasira ndiyo inayosambazwa. Nawasoma vijana wenye vipaji vikubwa, wengine wa hapahapa mjini, wanaouza hadithi kwenye makundi ya WhatsApp. Kila kipande kinakatwa penye kishindo, "itaendelea kesho", na hadithi nzima inakuwa vishindo vitupu, bila hata jioni moja ambayo mtu amekaa akafikiri. Siwalaumu. Kundi lina watu waliolipa, na wanasubiri.

Niwaonyeshe kwa karibu ninachokiita kuchelewa.

Desemba, kama mjuavyo, mlima hupokea watu wake. Desemba moja nilipanda Kibosho kwa shangazi yangu. Nilimkuta jikoni anamenya ndizi, vidole amevipaka mafuta utomvu usimshike, wajukuu wamemzunguka. Akanisimulia jinsi shemeji yake alivyong'oa masale ya mpakani usiku na kuyapanda upya ndani ya kihamba chao, hatua kadhaa, akala mstari mzima wa kahawa. Alisimulia vizuri mno. Kulikuwa na mwizi, kulikuwa na mjane, na kulikuwa na usiku. Kwa kipimo cha mtandaoni ilikuwa hadithi kamili, na ingesambaa kabla ya Krismasi.

Niliiandika kwenye kaunta buku, nikaiacha. Karibu na Pasaka nilipanda tena, safari hii tukiwa wawili tu. Shangazi akaniambia, pasipo kuulizwa, "Baba, ile habari sikukumalizia." Kumbe ule mstari wa kahawa marehemu mumewe aliuuza mwenyewe kwa mdogo wake, apate ada ya shule ya watoto, na hakumwambia mkewe. Shangazi aliyajua hayo baada ya maziko, akiwa amekwisha kumwita shemeji yake mwizi mbele ya ukoo. Desemba asingeweza kuyasema, kwani watoto waliosomeshwa kwa fedha hiyo walikuwa sebuleni, wanacheka.

Leo nayasimulia kwa ruhusa yake, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha alivyotaka. Fikirini ingekuwaje kama nusu ya kwanza ingekuwa imepostiwa. Mzee yule angehukumiwa na maelfu wasiomjua, wajukuu zake wenye simu wakisoma. Na shangazi asingenipa nusu ya pili kamwe. Watu humwambia mwandishi mambo mazito wakishaona kwamba yale mepesi aliyatunza.

Huambiwa kwamba mwandishi anayejitoa mitandaoni amewakimbia watu. Historia ya lugha yetu inakataa. Gazeti la Mambo Leo lilianza mwaka 1923 na lilitoka mara moja kwa mwezi. Katika kurasa zake za mashairi washairi walijibizana: mmoja anafunga fumbo, mwenzake wa mji mwingine analifumbua katika toleo linalofuata au la baadaye. Kati ya shairi na jibu mlikuwa na wiki nyingi za kupima vina na mizani, na za kupoza hasira pia. Shaaban Robert alikulia katika kurasa hizo. Alikuwa mtumishi wa serikali, mchana akiwa ofisini, na kwa miaka mingi alimwandikia barua mdogo wake Yusuf Ulenge. Zile za kuanzia 1931 hadi 1958 zimechapishwa kuwa kitabu. Utenzi wake wa Vita vya Uhuru, kuhusu vita vya 1939 hadi 1945, ulitoka mwaka 1967, naye alikuwa amefariki tangu 1962. Wala si yeye peke yake. Abdulrazak Gurnah alifika Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, na riwaya yake ya kwanza ikatoka 1987. Paradise ilichapishwa 1994. Sisi tuliisubiri hadi 2022 kuisoma kwa Kiswahili, ikiwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Na hapa mlimani, Petro Itosi Marealle alitupa Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera mwaka 1947. Mtu anayetaka kuandika juu ya vihamba bado hawezi kukipita kitabu kile.

Sasa gharama, maana ipo na ni kubwa. Maduka mengi tunayoyaita ya vitabu huishi kwa vitabu vya shule, daftari na rimu za karatasi. Mwandishi wa riwaya anauza kwa simu: anaweka picha ya jalada, msomaji anatuma fedha, kitabu kinapakiwa kwenye basi. Nilipofunga kurasa zangu mauzo yalishuka, na kijana anayeanza hawezi kuambiwa afanye nilivyofanya mimi mwenye shamba na mshahara wa kufundisha. Kumhubiria polepole mtu asiye na kodi ya mwezi ni ukatili. Tuzo zimesaidia: ile ya Safal, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotoa washindi wake wa kwanza Aprili 2023. Lakini tuzo inampata aliyekwisha kumaliza. Kijana anayeposti sura ya tatu saa sita usiku anatafuta kitu kingine: mtu wa kumsoma sasa, kazi ikiwa bado mbichi. Simu inampa hilo, na sisi wa vyuoni hatumpi.

Kwa hiyo nina ombi, Ndugu Mwenyekiti, na halihitaji bajeti. Tupewe chumba kimoja cha maktaba, jioni moja kila mwezi. Mwandishi asome sura ya mswada wake kwa sauti, simu zikiwa mfukoni, na wasikilizaji wamwambie palipolegea. Arudi mwezi unaofuata na sura ileile, ameisuka upya. Waje wanafunzi, waje na wazee wanaozijua habari tunazoziandika; wao watatusahihisha kuliko mhariri yeyote. Sura ya kwanza nitaisoma mimi, ya riwaya ambayo bado sijaipatia mwisho. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu, kwenye meza ya mlangoni.